Mteja wa Juu ya Paa

Alhamisi ni siku mbaya ya kuwa na shida mtaani kwetu. Siku nyingine unaweza kuteguka mguu, kupoteza funguo, hata kugombana na mkeo uani, na watu wakapita zao. Lakini Alhamisi, ole wako ukikunja uso.

Sababu ni nyumba ya jirani. Zamani ilikuwa ya daktari wa meno, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia hata akipiga chafya. Alipohamia Oregon ikachukuliwa na bwana mmoja anayeitwa Garrett Lindqvist, naye akaijaza vijana wanaotaka kuanzisha kampuni. Mji wetu huu wa Sunnyvale umejaa nyumba za namna hiyo. Wanalala wamebanana, wanakula nafaka za kifungua kinywa hata mchana na jioni, na kila mmoja ana kampuni yenye jina, nembo na fulana, isipokuwa haina kitu cha kuuza. Lindqvist wanamwita Mwalimu. Amewafundisha kwamba kampuni nyingi hufa kwa sababu zinauza dawa ya ugonjwa ambao hakuna anayeumwa. Kwa hiyo kila Alhamisi asubuhi anawatoa wote nje na kufunga mlango kwa ufunguo, na hakuna kurudi ndani mpaka wampate mtu mwenye shida ya kweli wamhoji.

Sikatai, wazo lenyewe si baya. Ila mimina kundi zima la vijana kwenye mtaa mmoja kila wiki uone. Shida zimetuishia. Mleta barua siku hizi anapita akipiga mluzi, meno yote nje, maana siku aliyopiga mwayo walimzuia pale njiani mpaka barua za watu zikaloa mvua. Mke wangu Lourdes aliwahi kusema kwa sauti akiwa uani, "Miwani yangu iko wapi?" Wakaja sita. Miwani ilikuwa kichwani pake, wote wakiiona, na hakuna aliyemwambia.

Hiyo ndiyo sheria yao kuu, na ndiyo iliyonitesa mimi. Mwalimu amekataza kabisa kumpa mteja, yaani huyo mwenye shida, suluhisho kabla hujaielewa shida yake mpaka mwisho. Ukimpa suluhisho mapema, anasema, umemharibu, hafai tena kuhojiwa. Na anayemharibu mteja hufungasha virago siku hiyo hiyo.

Mimi naitwa Anselmo Bettencourt. Kabla ya kustaafu nilikuwa mtahini wa madereva. Nilikaa kiti cha abiria, nikawaambia watu wageuke kushoto, halafu nikawafelisha. Kwa hiyo kijana anayetetemeka mbele yangu si kitu kigeni, na nakiri kwamba wala hanichukizi.

Alhamisi ninayoisema, Lourdes alikuwa anarudi nyumbani. Alivunjika nyonga mwanzoni mwa mwaka, wakampasua, kisha wakampeleka kwenye kituo cha kupona upande wa San Jose, na huko akakaa mpaka akachukia rangi ya kuta. Kila nilipompigia simu neno lilikuwa moja: "Anselmo, nitoe huku." Sasa ruhusa ilikuwa imetoka. Gari la kituo lingemleta saa tisa alasiri. Wana sharti lao: mgonjwa anakabidhiwa mkononi kwa mtu, mlangoni. Wasipomkuta mtu wa kumpokea, gari linageuka naye, na akirudi kule hatoki mpaka wiki nyingine ianze. Yule mwanamke wa kwenye simu alinikariria hayo kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Niliamka na jambo moja moyoni. Juu ya kitanda chetu paa linavuja. Mvua ikinyesha, tone linadondoka kwenye ndoo, to, to, to, na kwa miaka Lourdes amekuwa akinung'unika: "Anselmo, hilo tone. Hilo tone, Anselmo." Redio ilikuwa imetangaza mvua mwishoni mwa wiki. Nikasema leo mke wangu atarudi kwenye chumba kikavu. Nikachukua kopo la lami, brashi na ngazi, nikapanda. Nilipofika juu nikageuka kuiweka ngazi vizuri, kisigino kikaigusa, ikaenda zake. Ikalala kwenye nyasi, imenyooka, haina wasiwasi.

Simu ilikuwa jikoni. Nyumba yetu si ndefu, mtu mwenye magoti yake angeruka. Mimi goti la kushoto ni la chuma, na daktari aliyeniwekea aliniapisha nisiruke hata dimbwi. Nikaketi juu ya kopo la lami nisubiri mtu apite. Ndipo nikasikia ufunguo wa jirani ukizunguka na sauti za vijana zikimwagika nje, nikakumbuka ni Alhamisi. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Wa kwanza kuniona walikuwa wawili. Mmoja Kieran, mrefu, ndevu nyekundu, anayeita wazee wote kwa majina yao kana kwamba tulicheza naye gololi. Mwingine Tanvi, binti mdogo wa umbo mwenye mkoba mkubwa kuliko mgongo wake. Kieran akamshika mkono, wakasimama wima.

"Taratibu," akamnong'oneza. "Utamshtua."

"Vijana!" nikaita. "Afadhali mmekuja. Hebu niinulieni hiyo ngazi."

Kieran akafumba macho kwa raha. "Umesikia? Ameanza na suluhisho. Wote huanza na suluhisho." Akanyanyua uso. "Anselmo, rafiki yangu, ngazi tuisahau kidogo."

"Nitaisahauje? Umeikanyaga!"

"Ngazi ni wazo lako tu. Sisi tunataka kuisikia shida yenyewe."

"Shida yenyewe niko huku juu!"

"Vizuri sana. Hebu tusimulie mara ya mwisho ulipokwama juu ya paa. Ilikuwaje?"

"Ndiyo hii!"

"Kabla ya hii."

"Hakuna kabla ya hii, we mtoto!"

Akamgeukia Tanvi kwa huzuni. "Si shida ya mara kwa mara." Kisha akapata tumaini jipya. "Anselmo, kwa sasa unatumia nini kushuka?"

"Situmii chochote! Ningekuwa na cha kutumia ningekuwa huko chini nakuzaba kibao!"

"Hana mbadala," akasema kwa sauti ndogo. "Tanvi, hana mbadala wowote."

Tanvi alikuwa anaitazama ngazi. "Lakini Kieran, jua hili litamuunguza mzee wa watu. Tumwinulie tu, halafu tumhoji akiwa chini."

"Akiwa chini atakuwa na shida gani? Thubutu uguse hiyo ngazi! Wewe ndiyo kabisa, hata usiitazame."

Tanvi akanywea. Nilijua sababu, mtaa mzima tuliijua. Wiki iliyotangulia alimkuta mama mmoja akihangaika na mifuko ya sokoni, na badala ya kumuuliza mifuko ile ilimfanya ajisikieje, akambebea mpaka kwake. Mwalimu alimsamehe mara hiyo moja tu, ila alimsema mbele ya wenzake kwamba akirudia, anaondoka. Naye alikuwa ameacha kazi nzuri ya benki na kugombana na baba yake ili aingie nyumba ile. Hakuwa na pengine pa kwenda.

Nikajaribu kwa upole. Nikawaeleza habari ya Lourdes, nyonga yake, gari la saa tisa, sharti la mlangoni. Nilieleza vizuri. Kieran alitikisa kichwa kwa huruma nyingi, akatoa kikaratasi cha manjano, akaandika neno MKE, akakibandika kwenye mlango wa gereji yangu.

"Kwa nini unataka awe nyumbani?" akauliza.

"Kwa sababu ni mke wangu."

"Na kwa nini ni mke wako?"

Nilimtupia brashi. Ikamkosa, na yeye akaiandika kwenye kikaratasi kingine.

Habari zikaenea. Kabla jua halijapanda sana walikuwa wamejaa kwenye nyasi zangu na mlango wa gereji umegeuka manjano. Kundi moja likasema mtu mmoja peke yake si soko, likaenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani mwingine huwa anakwama juu ya paa. Mama wa nyumba ya mbele akawaambia hajawahi. Wakamuuliza kama angependa.

Kundi jingine likaja na kipande cha boksi, limechora duara kubwa jekundu kama kitufe na kuandika ndani yake SHUKA SASA. Wakanirushia.

"Bonyeza," wakasema.

"Nikibonyeza itakuwaje?"

"Bonyeza tu, mzee."

Sasa mtu ukikaa juani kwa muda huo, hujui utaamini nini. Nikabonyeza. Binti mmoja huko chini akaweka mikono kinywani akatangaza: "Asante kwa kuipenda huduma yetu! Bado haijawa tayari! Tumefurahi kujua kwamba unaihitaji!" Wakapiga makofi, wengine wakakumbatiana. Wakasema kila mtu aliyeonyeshwa kitufe alikibonyeza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mimi nikabonyeza tena, nikingoja sijui nini.

"Ungekuwa tayari kutoa nini ili ushuke?" mmoja akauliza.

"Chochote!"

"Watu husema hivyo, ikifika wakati hawatoi."

Nikavua saa yangu, nikaitupa chini. Wakaizunguka wakaipiga picha. Tangu hapo sikujua tena saa ngapi, na kila nilipouliza, waliniuliza kwa nini wakati ni muhimu kwangu.

Mchana Mwalimu mwenyewe akafika. Garrett Lindqvist huvaa kizibao cha manyoya hata wakati wa joto, na huongea kwa sauti ya chini ili watu wamsogelee. Nikasema huyu ni mtu mzima, huyu ataelewa.

"Bwana Lindqvist!" nikaita. "Mke wangu anakuja saa tisa. Waambie wanao waniinulie ngazi."

Akanitazama kwa muda mrefu, machozi yakamlengalenga. "Mtu huyu," akawaambia, "ndiye niliyekuwa nawasimulia siku zote." Kisha akawakunjia uso. "Nanyi mnamhoji kutoka chini. Mnajua nini, nyinyi wa chini, kuhusu kuwa juu?"

Vijana wakafunika kalamu zao.

"Inueni ngazi," akasema.

Nilifurahi tena, sitaki kudanganya. Niliiona ngazi yangu ikisimama, ikaegemea ukingo, nikajikokota kuielekea na goti langu la chuma nikisema asante, asante. Nikakutana uso kwa uso na ndevu za Kieran.

"Nipishe nishuke!"

"Sekunde moja, Anselmo, tupande kwanza."

Wakapanda mmoja baada ya mwingine, saba jumla, kila mmoja akiniomba radhi na kunibana mkono. Huyu akaniuliza kigae kipi nimezoea kukikalia. Yule akagusa bomba la moshi kwa heshima. Nilipofanikiwa kujipenyeza mpaka kwenye ukingo, Mwalimu alikuwa ameshaishika ngazi.

"Mkiwa na ngazi," akasema kwa upole, "hamtaujua kamwe uchungu wake."

Akaitoa, akailaza tena kwenye nyasi. Kisha akakumbuka kuna watu alikuwa ale nao chakula cha mchana, akaondoka, na wale waliobaki chini wakamfuata ili wamsikilize njiani. Alibaki Tanvi peke yake, maana yeye alikuwa amepewa kazi ya kusimama hapo kuandika yatakayosemwa juu. Sidhani kama walimheshimu kwa kazi hiyo. Sidhani kama waliamini angekaa mwezi.

Mwanzoni vijana walichangamka. Wakafumba macho wakavuta pumzi ya paa. Wakaniuliza ninapokuwa hapa huwa nafikiria nini, nikawaambia nafikiria mke wangu na jinsi ya kumnyonga jirani. Baadaye jua likawakalia. Kigae kikawa cha moto. Mmoja akaanza kubadilisha miguu. Kieran akanisogelea, ndevu zimelowa jasho.

"Anselmo," akanong'ona, "wewe huku unajisaidiaje?"

"Nilijaribu kukueleza asubuhi."

Hawakukaa sana, wakaanza kuita. "Tanvi! Ngazi!"

"Niwaletee?"

"Ndiyo! Hapana! Usiguse, Mwalimu atatufukuza sote!"

Ukazuka ubishi. Wengine walisema wao ni watafiti, kwa hiyo wanaweza kuinuliwa ngazi bila kosa. Wengine wakasema mtu aliyekwama juu ya paa anayetaka kushuka ni mteja, hata awe nani, na akipewa ngazi ameharibika. Katikati ya ubishi Kieran akatuhesabu kwa kidole, na mimi akanihesabu, uso ukamng'aa.

"Jamani," akasema. "Asubuhi alikuwa mmoja. Sasa tuko wanane."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hili ni soko!"

Wakashangilia. Wallahi walishangilia, wakarukaruka pale juu ya chumba changu cha kulala na mibano yao ya haja ndogo. Katika kelele hizo ndipo nilipoliona gari jeupe la kituo likiingia mtaani kwetu, polepole, likitafuta namba.

Dereva alikuwa Mtonga mmoja mkubwa wa visiwani, jina Sione limeandikwa kifuani. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akamteremsha Lourdes kwenye kiti chake cha magurudumu kwa uangalifu kama mtu anayeshusha mayai. Amekonda, mke wangu. Alikuwa amevaa sweta yake ya bluu na amepaka rangi ya mdomo. Kwa ajili ya kufika nyumbani alipaka rangi ya mdomo.

Sione akabisha mlango. Akabisha tena. Akarudi nyuma hatua chache, akatazama juu.

"Bettencourt ni nani kati yenu?"

"Mimi!" nikapiga kelele. "Mimi hapa!"

"Haya shuka, mzee wangu, upokee mkeo."

"Siwezi kushuka!"

"Kuna mtu mwingine wa nyumba hii?"

"Hakuna! Ngazi iko hapo kwenye nyasi, ndugu yangu, niinulie!"

Sione akaitazama ngazi kwa masikitiko ya kweli. "Ngazi siruhusiwi, mzee. Mwenzangu alimsaidia mteja kufungua gereji, mlango ukaanguka, wakamfuta kazi. Mimi nina watoto. Nimeambiwa mlangoni, mkononi. Paa si mlango."

Lourdes akaweka mkono juu ya macho. "Anselmo! Unafanya nini huko juu na watoto wa watu?"

"Nimekuja kuziba lile tone!"

Lourdes akaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa.

"Mama, nisamehe sana," Sione akamwambia, akaugusa mpini wa kiti. "Nina wengine wa kuchukua. Bila mtu wa kukupokea inabidi turudi."

"Sirudi kule," Lourdes akasema. Hakupaza sauti. Alishika magurudumu kwa mikono yote miwili. "Mwanangu, niache hata hapa njiani. Kule sirudi."

Hapo sikungoja tena. Nikasogea ukingoni, nikatanguliza goti la chuma, liwalo na liwe. Kieran akanidaka fulana kwa nyuma akaning'ang'ania, na huku amening'ang'ania hivyo akapaza sauti, maana mazoea ni kitu kibaya: "Tanvi! Muulize! Muulize shida yake!"

Tanvi alikuwa amekwisha piga magoti mbele ya kiti. Nadhani naye mazoea yalimtoka mdomoni kabla hajafikiri. "Mama," akasema, "hilo tone. Mara ya mwisho lilipokusumbua, ilikuwaje?"

Lourdes akamtazama. Sote wanane tukainama ukingoni tumsikie.

"Tone?" akasema. "Tone lina nini, binti yangu? Mimi nimekulia Tulare kwenye banda la ng'ombe, maji yalitudondokea mpaka kwenye supu. Tone halinisumbui." Akafuta pua kwa kiganja. "Ni yeye. Likianza kulia ndani ya ndoo, ananyanyua mto wake anaenda kulala kwenye kochi la sebuleni. Kila mvua. Mimi nabaki na ndoo. Juzi kule kituoni mvua ilinyesha, chumba kikavu kabisa, nikawa namsikiliza mwanamke wa chumba cha pili akikohoa peke yake, na mwingine, na mwingine. Nikasema, basi, ndivyo itakavyokuwa."

"Uliwahi kumwambia?"

"Namwambia kila mwaka. Namwambia, Anselmo, hilo tone."

"Lakini kwamba ni kochi?"

"Hakuuliza," Lourdes akasema.

Nilikuwa nimekaa ukingoni miguu inaning'inia. Nikaona aibu, na zaidi ya aibu nikaona hasara, miaka yote ile ya kochi. Nyuma yangu hakuna aliyeandika kitu.

Tanvi akasimama. "Mimi nampokea," akamwambia Sione.

"Wewe ni nani wake?"

"Jirani."

"Jirani anayekaa hapa mtaani?"

Tanvi akautazama mlango wa nyumba ya Mwalimu, uliofungwa kwa ufunguo. "Anayekaa," akasema, akatia sahihi, akashika mpini wa kiti. Sione akashusha pumzi kana kwamba yeye ndiye aliyeokolewa. Kisha binti yule mdogo akaenda kwenye nyasi, akaikamata ngazi ambayo ilimzidi urefu mara mbili, akaiburuta, akaisimamisha.

"Tanvi, usifanye hivyo!" Kieran akalia. "Utatuharibu!"

"Sawa. Nani anashuka kwanza?"

"Mimi!" wakasema wote saba, Kieran mbele yao.

"Mzee kwanza," akasema Tanvi.

Nikashuka. Nikaenda mpaka kwenye kiti, nikapiga goti lile zima, nikaweka kichwa mapajani mwa mke wangu. Alinuka sabuni ya kituo. Nyuma yetu vijana walitawanyika mbio kila mmoja na kichaka chake, na waridi za daktari wa meno hazijapona mpaka leo.

"Umeliziba?" Lourdes akaniuliza.

Nikatazama juu. Kopo la lami lilikuwa pale pale nilipolikalia tangu asubuhi, kifuniko hakijafunguliwa. Siku nzima nilikuwa juu ya lile tundu, nina lami na nafasi, na halikunijia akilini.

"Bado."

Akacheka mpaka akaishika nyonga. "Mjinga wewe," akasema, na hakuna aliyewahi kuniambia neno tamu kuliko hilo.

Mwalimu aliporudi alimfukuza Tanvi palepale kwenye nyasi, kwa sauti ya chini na kwa majonzi makubwa. Alisema ameharibu wateja wanane kwa siku moja. Kieran na wenzake hawakufukuzwa. Walikwenda kwa wenye mitaji na kile kipande cha boksi, nao wenye mitaji wakakibonyeza, kila mmoja wao akakibonyeza. Sasa wana ofisi yenye ghorofa mbili Mountain View na hawajauza kitu. Nasikia ghorofa ya juu haina ngazi, kwa makusudi.

Tanvi alitoka na mkoba wake akasimama njiani, hajui aende kushoto au kulia. Mimi nilikuwa tayari kumpa nauli. Lourdes akanizuia kwa jicho.

"Binti atalala kwetu mpaka apate pake," akasema.

"Wapi? Chumba cha wageni kimejaa masanduku."

"Kochi lipo."

Alilisema akiangalia pembeni, anajitia kunyoosha sweta. Nikamleta Tanvi ndani nikamtandikia mwenyewe.

Jumapili alfajiri mvua ikaja kama redio ilivyosema. To, ndani ya ndoo. To. Mkono wangu ulikwenda kwenye mto kabla sijaamka vizuri, nikaunyanyua, nikaketi kitandani nao kifuani, nikakumbuka kochi lina mtu. Nikachukua soksi moja nikaiweka ndani ya ndoo, tone likaanguka juu yake bila kelele nyingi. Lourdes hakufungua macho.

"Anselmo," akasema.

"Naam."

"Hilo tone."

"Nalisikia," nikamwambia. Nikaurudisha mto mahali pake, nikalala.